Sindano Zilizomfuata Jirani

Apa kwanza kuwa hutamwambia mtu, maana hata mimi niliapishwa, na ona nilipofikia: gazetini.

Juzi hapa Kambarage mjane mmoja na jirani yake waligombea mpaka, kisima cha mjane kikiwa papo hapo. Wote walikubali kwamba mpaka unaanzia kwenye jiwe, unakwenda kaskazini. Akaitwa mzee mmoja anayekusanya dira, aonyeshe kaskazini ni wapi. Jirani akamganda ubavuni, mkono mfukoni mwa koti, na jua lote lile! Nikadhani anaficha ugoro. Sindano ya dira ikageuka, kisima kikawa upande wake.

"Umeona, mayu? Kisima changu," jirani akamwambia mjane.

"Dira yenyewe imezeeka kama mwenyewe," mjane akasema.

Mzee akaudhika, akapanga chini dira zake zote nne. Zote zikamwelekea jirani.

"Shemeji, hebu zungukia huku," mjane akamwambia jirani.

"Ya nini?"

"Zunguka tu, watu wanakungoja."

Akazunguka. Sindano nne zikazunguka naye. Mjane akamvuta ule mkono mfukoni, ukatoka mbele yetu sote umeshika sumaku ya spika, kubwa kama kitumbua.