Leo Nimemlazimisha Bi Eleni Arushe Mpira

Leo nimemwaibisha mgeni mbele ya watoto, na moyo haujatulia bado.

Ni Bi Eleni, Mgiriki aliyefikia kwenye hoteli ninayofanyia kazi, hapa Ras Kitau. Aliwahi kuchezea nchi yake polo ya majini, ule mpira wa kurusha golini huku unaogelea, bila kugusa chini.

Nami nilishawaahidi wasichana ninaowafunza kuogelea kwamba atawaonesha anavyorusha.

Akaniambia kwa upole, "Leo tuache."

Nikadhani ni haya tu. Nikamtia mpira mkononi. "Mara moja tu, Bi Eleni!"

Akarusha.

Mpira ukaanguka hatua mbili mbele yake. Wasichana wakacheka. Na mimi pia, Mungu anisamehe.

Kisha nikamwona ameshika bega.

Lilipasuliwa mara mbili, halikupona. "Mechi yangu ya mwisho sikujua kuwa ni ya mwisho," akasema. "Ningejua, nisingetoka majini haraka."



"Niwie radhi," nikamwambia. Akanishika mkono.

Mwanaidi, aliyecheka kuliko wote, akauliza: "Na miguu, Bi? Yaweza?"

Akaingia majini. Saa nzima akawafunza kusimama kwenye kina kwa nguvu za miguu. Mwanaidi alipoweza bila kushikwa, Bi Eleni akapiga kelele kwa Kigiriki. Hatukuelewa neno, ila sote tuliona analia.

Jamani, mlishawahi kumshikilia mtu afanye jambo, kumbe mnamtonesha kidonda?