Mstari wa Chaki Shavuni

Kitu cha kwanza ambacho mteja alikiona kwa fundi huyu wa nguo ni pini. Alizibana sita au saba kwa magego ya kushoto, ncha nje, huku akipiga soga bila kudondosha hata moja. Watu walimwita Mama Pini. Mdogo wake, aliyeshona naye chumba kimoja, alimtania kwamba siku moja angepiga chafya amuue mteja.

Gego moja lilipata ufa, likaoza. Wiki nzima lilimliza, naye akawa anasukutua maji ya chumvi na kuendelea na kazi. Kisha, adhuhuri moja, likanyamaza ghafla kama taa iliyozimwa.

Akatangaza kwamba limepona, akachukua pini zake. Taya likagoma kufunguka. Pini zikaishia midomoni, zisiingie.

Katika kioo kirefu cha wateja aliona shavu ambalo halikuwa lake. Lilikuwa limevimba, limetulia, linang'aa, kana kwamba mtu mwingine ameuvaa uso wake na sasa anatazama nje. Kwa mazoea ya kazi, alichukua chaki akachora mstari pale uvimbe ulipoishia, juu kidogo ya taya. Akashona pindo moja. Aliporudi kiooni, uvimbe ulikuwa umeuvuka mstari kuelekea shingoni, kimya kimya, bila kuuma hata chembe.

"Dada, vaa viatu," mdogo wake alisema, akizima pasi.

"Nimalizie pindo hili la pili."

"Utalimalizia ukiwa na shingo ipi?"

Daktari wa meno alieleza kwamba mshipa wa fahamu wa jino ulikuwa umekufa, ndiyo maana maumivu yalikoma. Usaha wenyewe ulikuwa safarini kuelekea shingoni, na huko ungeweza kuziba koo. Akaling'oa jino kwa shida, akapasua ufizi, usaha ukatoka. Akaandika dawa na kusisitiza zimalizwe zote, hata shavu likinywea mapema. Kisha akauliza nani aliyechora ule mstari. Alipojibiwa hakucheka. Akachora wake kwa kalamu, chini ya taya.

"Uvimbe ukivuka hapa, au mgonjwa akishindwa kumeza mate, au pumzi ikibana, nendeni hospitali papo hapo. Msisubiri maumivu."

Kesho yake cherehani zote mbili zilikuwa kimya. Mama Pini aliketi akikipa kioo mgongo, akimeza mate na kusikiliza kama yamepita. Walikuwa wamekubaliana kuutazama mstari kila baada ya saa mbili. Mdogo wake alishika tepu ya kupimia, macho kwenye saa ya ukutani.

Zilibaki dakika nne.