Uchovu wa Dada Attracta

Simu ilinikuta zizini, Jumanne saa nane mchana. Aliyepiga alikuwa jirani wa dada yangu.

"Attracta ametutoka," alisema. "Njoo, Fintan hawezi hata kuongea."

Sikuuliza amekufaje. Maili zote kumi na mbili hadi kwake Boyle nilisali kitu kimoja tu: Bwana, isiwe kwa mkono wake mwenyewe.

Dada alikuwa muuguzi wa wodi ya wazee kwa miaka ishirini na minane. Kwetu mgonjwa akikata roho, muuguzi hufungua dirisha, roho ipate njia. Attracta hakuwahi kusahau. Ila miaka sita iliyopita, majira yale ya baridi yenye vifo vingi, alimaliza zamu akaona dirisha la mgonjwa wake aliyefariki bado limefungwa, naye asijali. Alikuja kwangu, akakaa jikoni bila kuvua koti.

"Sisikii chochote moyoni, mdogo wangu. Leo pale ziwani nilitamani nisikate kona, gari liingie majini."

Nilimsihi aende kwa daktari. Yeye akaenda kuungama, akidhani ana dhambi ya moyo mgumu. Baadaye alinisimulia akicheka jinsi Padri Lorcan alivyomjibu: "Binti yangu, uchovu si dhambi niweze kukuondolea. Nenda kwa daktari. Ukirudi hapa hujamwona, nakupa rozari kumi."

Alitibiwa, akapumzika miezi kumi na mmoja, akarudi kazini siku tatu kwa wiki. Akanenepa. Akaanza tena kunitania: "Ng'ombe wako wameoga kuliko wewe." Alipona yeye, hofu yangu haikupona.

Fintan, mumewe, alikuwa mlangoni. Nilimuuliza bila salamu.

"Ni moyo, shemeji. Alikuwa anamenya viazi, ananisema nilivyokata nyasi ovyo. Akasema ngoja aketi kidogo. Nilipogeuka, kimya." Akaniangalia. "Najua uliogopa nini. Alikuwa mzima. Kichwani alikuwa mzima kabisa."

Nililia, na katika kulia kule nilimshukuru Mungu, wala sikuona aibu.

Tulikesha naye nyumbani siku mbili. Ijumaa wauguzi wenzake walisimama mistari miwili mlangoni mwa kanisa, wamevaa sare, tukapita katikati na jeneza. Kaburini Padri Lorcan aliongoza fungu moja la rozari, mvua ikinyunya. Tulimshusha pembeni ya kaburi la mama yetu, tukatupa udongo, tukapeana mikono, kisha tukaenda kunywa supu.