Mwanamke Aliyekaa Kiti cha Pili

Kabla hujaniuliza kama nilikuwa na homa au nilikuwa usingizini, nakujibu mapema: sikuwa na homa, na saa zile watu hawalali. Jua lilikuwa bado liko juu ya mapaa ya Kariakoo nilipotoka. Haya nitakayokusimulia niliyaona kwa macho yangu haya, na kama ninasema uongo, basi kinywa hiki kisifungue tena swaumu.

Sipendi kuyasimulia. Si kwa sababu yananitisha. Yananiudhi, na ukinisikiliza mpaka mwisho utaelewa kwa nini.

Nilikuwa mke mpya. Tulipanga chumba kimoja Mtaa wa Narung'ombe, kwenye nyumba ya Bi Nyamizi, mama wa makamo aliyekuwa anauza nazi sokoni. Mimi ni mtu wa Lindi, mume wangu Zuberi alikuwa mtu wa Newala. Nilishona kwenye ushirika wa mafundi cherehani, wanawake watupu, tukikaa kwenye viti vyetu kuanzia asubuhi mpaka jua linapopoa, tunashona sare za watoto wa shule. Na Zuberi alikuwa anasomea urubani.

Urubani, unanisikia? Mtoto wa mkulima wa korosho! Siku zile kwetu sisi rubani alikuwa mzungu, au mtu wa kwenye picha. Chuo chenyewe kilikuwa kidogo tu, kando ya uwanja wa ndege, banda la mabati na ndege mbili ndogo za kufundishia, lakini mimi nilikiona kama ikulu. Nilimshonea Zuberi shati jeupe lenye mikanda mabegani, nikawa nalipiga pasi ya mkaa kila usiku.

Na nilikuwa na wivu. Sikufichi. Akipita sokoni na shati lile, wasichana wanamwita, "Kapteni, utatupandisha lini?" Naye anacheka. Mimi ni mtu ninayetaka kujua mume wangu kacheka na nani na kwa nini kacheka sana. Ndivyo nilivyoumbwa.

Halafu Zuberi akanyamaza.

Hakuwa mkali, hapana. Alinyamaza tu. Anarudi jioni, anakula, analala. Nikimwuliza, "Mmeruka leo?" ananijibu, "Tumeruka," na ananitazama kwa mshangao, kama vile nimevunja jambo tulilokubaliana. Mwanamke gani hatashtuka? Nikaanza kunusa mashati yake. Hayakuwa na harufu ya petroli tena. Yalinukia asumini, na mimi asumini sijapata kuvaa, inaniumiza kichwa.

Siku moja tuko uani tunakuna nazi, Bi Nyamizi akacheka peke yake.

"Jana nimewaona, mwanangu. Mmependeza mpaka nikasema mashallah."

"Jana wapi, Bi Nyamizi?"

"Msimbazi, pale penye kona. Umemshika mumeo mkono. Nimekuita, hukuitika."

"Alasiri? Alasiri mimi niko kwenye cherehani."

"Haya, ficha tu. Ndiyo raha ya ndoa changa."

Nikasema moyoni, macho ya Bi Nyamizi yameanza kuchoka. Lakini haikupita wiki, muuza machungwa mmoja wa pale nje ya soko akanizuia njia. "Dada, leo humchukulii Kapteni machungwa yake? Maana kila siku unammenyea wewe mwenyewe, unamlisha." Unamlisha! Nilisimama pale na kapu langu, watu wananipita huku na huku. Niamini, mtu akiibiwa mume na mwanamke mzuri kuliko yeye, anaumia lakini anaelewa. Sasa mimi nimeibiwa na mwanamke ambaye watu wanashindwa kumtofautisha na mimi. Zuberi amepata kwake nini ambacho kwangu hakipo?

Nilikuwa bado nalitafuna hilo nilipokutana na Anastazia kwenye foleni ya sabuni. Mume wake, Joji, mtu wa Songea, alikuwa anasoma na Zuberi.

"Zuberi naye kapata kazi wapi?" akaniuliza.

"Kazi ya nini? Si yuko chuoni."

Anastazia akanishika bega. Ile huruma yake ndiyo iliyonichoma. "Chuo kimekufa zamani, mwenzangu. Huna habari? Injini za ndege zilipelekwa nje kutengenezwa, zikazuiwa huko huko kwa sababu chuo hakina fedha za kigeni za kuzikomboa. Mafuta nayo yakakatwa. Mkuu wa chuo aliwaita wanafunzi, akaanza kuwaeleza, akashindwa, akalia mbele yao. Joji wangu sasa anabeba mizigo bandarini."

Nikatoka kwenye foleni bila sabuni. Shati jeupe nililielewa. Miaka ile mwanamume asiye na kazi akionekana mitaani anakamatwa, anaitwa mzururaji, anapakiwa kwenye lori kwenda kulima. Shati lilikuwa kinga yake. Lakini huyo mwanamke? Chuo hakuna, kazi hakuna, kila alasiri anapelekwa wapi na nani?

Kesho yake niliaga kwenye ushirika kwamba naumwa tumbo. Nikaenda kwa Bi Salma, mke wa Mwarabu mwenye duka jirani yetu, nikamwomba buibui lake la zamani. Akaniangalia usoni, akaenda kulileta. "Unamfuata?" akauliza. "Namfuata," nikasema. "Basi jifunike vizuri. Na ukiona, usipige mtu njiani, ni aibu."

Nilimkuta Zuberi kwenye ile kona ya Msimbazi, amesimama na shati lake, anaangalia saa kama mtu mwenye safari. Nikasimama ng'ambo, kwenye kivuli cha duka la vitambaa. Sikungoja sana. Mwanamke akaja kutoka upande wa Jangwani.

Nikwambieje? Alikuwa mimi.

Sisemi alifanana na mimi. Pacha hufanana. Huyu alikuwa na mwendo wangu wa kuvuta kidogo mguu wa kushoto, tangu nilipoanguka kisimani nikiwa mtoto. Alivaa khanga za zambarau ambazo asubuhi ile nilizifungia sandukuni kwa mkono wangu, na ufunguo ninao shingoni. Akamshika Zuberi mkono, akamwambia kitu, na Zuberi wangu, yule asiyesema nyumbani, akacheka mpaka akainama.

Ningekimbia. Mtu mwenye akili angekimbia. Lakini wivu haukuniachia nafasi ya kuogopa. Walipanda basi la uwanja wa ndege, na mimi nikapanda nyuma yao, nimejibana kati ya abiria, naangalia vidole vyangu mwenyewe vinamfuta mume wangu jasho shingoni.

Chuoni hapakuwa na mtu. Lango limeachwa wazi, majani yameota mpaka magotini. Ndege moja ilikuwa ndani ya banda, nyingine imeachwa nje juani. Pua ya ile ya nje ilikuwa tundu tupu, nyaya zinaning'inia, na pangaboi lake limeegemezwa ukutani pamoja na mafagio. Matairi yamebonyea hayana upepo. Zuberi akamfungulia mwenzake mlango, akazunguka, akapanda upande wake. Mimi nikajificha nyuma ya mapipa.

Nikamsikia Zuberi anasema, "Angalia kushoto. Ile ni Mafia." Yule mwanamke akasema, "Twende mbele zaidi." Zuberi akasema, "Tukifika Lindi nitashuka chini kidogo, mama yako atuone."

Mama yangu! Nikainuka. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo mpaka leo likinijia namwaga ninachokishika.

Kivuli cha ile ndege kilikuwa kinaondoka.

Ndege imesimama, sikiliza, haijasogea hata kidogo. Lakini kivuli chake kinateleza juu ya majani, kinaelekea upande wa bahari, na kila kinavyokwenda kinapungua, kama kivuli cha ndege inayopaa. Na kule nyuma ya kioo, sura ya Zuberi ikaanza kufifia, kama picha iliyosahauliwa juani. Yule mwingine hakufifia. Yeye alizidi kung'aa.

Nikalivua buibui la watu nikalitupa. "Zuberi!"

Akageuka. Akanitazama mimi, akamtazama aliyekaa pembeni yake, akanitazama tena. Sijapata kumwona mtu amechanganyikiwa vile.

"Usishuke," yule mwanamke akamwambia. Sauti ilikuwa yangu, ile ninayoitumia nikiomba kitu. "Ukishuka atakuuliza. Mimi nimewahi kukuuliza?"

Na mume wangu akajibu, taratibu, kama mtoto, "Hujawahi."

Hilo neno, ndugu yangu, lilinikata. Nilitaka kumrarua yule mwanamke uso, hata kama uso ni wangu. Nilikuwa na matusi tele mdomoni. Lakini nikatazama kivuli, kimekuwa kidogo kama mkeka, kiko mbali kwenye majani, nikajua nikitukana nampoteza.

Nikasema, "Sina la kukuuliza. Chuo kimekufa, najua. Injini haziji, najua. Anastazia kaniambia yote. Hukufanya kosa, Zuberi. Shuka twende nyumbani."

Alikaa. Hakushuka upesi, sitakudanganya. Alikaa akiwa ameshika usukani, akifikiri, na mimi nimesimama kwenye majani nasubiri mume wangu achague kati yangu na mimi. Kisha machozi yakamtoka, akasukuma mlango, akaanguka chini kwa magoti. Nikamburuta kwa kwapa kama gunia.

Nilipoinua macho, yule mwanamke alikuwa bado amekaa, ananitazama. Nilidhani mimi ndiye niliyekuwa na wivu siku ile. Sikuwa nao. Wivu niliuona kwenye macho yale. Alinitazama jinsi ombaomba anavyotazama sahani ya mtu, kuanzia miguuni, polepole, mpaka usoni, kama mtu anayehifadhi kitu asikisahau. Nikapepesa macho, hayupo. Kivuli kiko mahali pake chini ya mabawa. Nikajikaza nikachungulia ndani. Kiti cha pili kilikuwa kimejaa kiota cha shomoro, majani makavu na mavi ya ndege mpaka kwenye mgongo wa kiti. Pale hapakukaliwa na mtu kwa miezi.

Tulipofika nyumbani ndipo Zuberi akasema.

"Lakini ulikuwa wewe. Siku ile tuliyoambiwa injini haziji, nilikaa pale Msimbazi naogopa kurudi. Ukaja. Ukasema unajua yote, ukasema tusiyaongee nyumbani, Bi Nyamizi atasikia, watanikamata. Ukasema kila alasiri tutakutana pale pale. Nikirudi nyumbani, unaniuliza tena kama hujui kitu. Nikadhani unaigiza kwa ajili ya wapangaji."

Basi ndiyo maana alikuwa ananitazama vile.

Bi Nyamizi alituletea shehe wa msikiti wa jirani, akasoma, akatunyunyizia maji, akatukataza tusipite kona ile. Tulitii. Chuo hakikufufuka. Zuberi alijifunza udereva, akaendesha malori ya pamba miaka mingi, tukazaa, tukajenga Mbagala. Ukituona ungesema hawa wamefanikiwa, na ni kweli, tulifanikiwa.

Lakini sasa nikwambie kinachoniudhi. Mara kwa mara, tumekaa vizuri, Zuberi alikuwa ananiambia, "Unakumbuka siku ile uliponiambia mtoto wetu wa kwanza tumfundishe kuogelea?" Sikukumbuka. Sikusema mimi. Mambo matamu aliyoambiwa katika shida yake, yaliyomfanya apende kuishi, hakuambiwa na mimi. Alikuwa amesahau yupi alisema nini, na mimi nifanyeje? Nilikuwa naitikia tu, "Nakumbuka." Nimezeeka nikiitikia maneno ya mwanamke mwingine.

Mwaka aliofariki, alipozidiwa, alifungua macho alfajiri akanishika mkono. Akanichungulia muda mrefu.

"Wewe ni yupi?" akaniuliza.

"Mimi wa nyumbani," nikamwambia.

Nikaona pua yake inavuta hewa, ananusa, anatafuta asumini, haipati. Kisha akasema, "Haya, kaa," akafumba macho. Hakusema tena.

Kwa hiyo nakuonya wewe unayenisikiliza, na usinichukulie kama bibi anayetishia watoto. Mwenzako akirudi nyumbani na shida iliyomfunga mdomo, usilale mpaka ameisema, hata kama mtagombana na nyumba nzima ikasikia. Usimwache aende nayo barabarani. Na ukimkuta barabarani amekaa na mtu mwenye uso wako, usitukane, mwite kwa jina, mwambie unayajua yote.

Mimi sura yangu imekwisha, unaiona mwenyewe. Lakini msichana aliyekaa kwenye ile ndege sijasikia kama amezeeka.