Kipande cha Mzee Barasa

Mwaka wa 2007 ulinikuta mtaani Rhonda, kando ya mbuga ya wanyama, nikiwa na miaka thelathini na tisa, masomo yangu darasa la tatu, mashine ya kuchomelea vyuma nimejinunulia mwenyewe. Ndio mwaka shida ilianza, mwanangu, ingawa hatukuiona ikija.

Mvua ilikuwa inabeba takataka zetu hadi ziwani, ndani ya mbuga. Watu wa mbuga wakaja, tukakaa nao kwa uwanja wa kanisa tukapanga. Sisi tungechimba mtaro kando ya barabara, kila mtu mbele ya ploti yake. Wao wangeweka wavu wa kunasa takataka mwisho wa mtaro, na kuwaruhusu akina mama kuokota kuni kavu ndani ya ua wao. Mwenyekiti alikuwa Mzee Barasa, jirani yangu aliyestaafu kazi ya reli. Nilimaliza kipande changu wa kwanza, nikaringa.

"Kijana, unajisifia shimo?" Mzee akaniambia. "Mtaro ni ule unaofika."

Nyumba yake ilikuwa ya mwisho, karibu na ua wa mbuga. Kipande chake alikiacha kwanza, akawachimbia wajane. Kabla hajageukia chake, uchaguzi ukapita na vurugu za kikabila zikaingia. Mzee akapanda lori na mkewe wakaenda kwao magharibi. Ufunguo akaniachia mimi.

Mvua ndefu zilipokaribia nikabeba jembe nikachimbe mbele ya kwake. Jirani mwingine akanizuia.

"Boss, unataka waseme unanyakua ploti ya mzee?"

Siku zile, mwanangu, ukigusa mchanga wa mtu aliyehama unaonekana mwizi. Nikarudi na jembe langu. Sote tukawa tunapita pale tukiangalia kando, na hiyo tukaiita heshima.

Maji yakashuka vizuri kwa mtaro wetu, yakafika pale hapajachimbwa, yakageuka yakaingia kwake. Nyumba ya udongo ikaketi chini. Takataka zikapita kando ya wavu, zikaenda ziwani. Mikutano na watu wa mbuga ikafa polepole.

Mzee alirudi nchi ilipotulia. Nikampa ufunguo. Akauangalia, halafu akaangalia pale mlango ulikuwa.

"Mlikuwa mnangoja ruhusa yangu," akasema. "Maji hayakuningoja."

Akaniomba jembe. Akachimba kipande chake peke yake, akikataa kusaidiwa, hadi mtaro ukaungana. Akapangusa jembe na nyasi, akanirudishia pamoja na ufunguo, akaenda stage kupanda gari la kurudi kwao. Tulimwona tena tukienda kumzika.

Sasa sikia. Ukipanga kitu na jirani, awe mtu, awe mbuga, semeni mapema ni nani atashika kazi ya asiyekuwepo. Akiwa mbali, mtafute umuulize. Usimwachie pengo halafu useme umemheshimu. Mungu akupe majirani watakaochimba mbele ya kwako siku utakayokuwa hauko.

Leo niko na ploti mbili, karakana ya milango ya chuma, ng'ombe watatu na jembe lile. Na ufunguo usio na mlango.