Kisanduku cha Kumtafutia Mdogo Wangu

Télé tulikuwa nayo tayari. Kilichokosekana ni kisanduku cha kuilisha picha, na kwa ajili ya kisanduku hicho mimi na bwana yangu tulizunguka maduka ya Makiso, katikati ya mji, asubuhi nzima, yeye akitaka cha namna moja na mimi cha namna nyingine. Nilishinda mimi. Mpaka leo sijui kama nilistahili kushinda. Shule niliiachia darasa la tatu la sekondari, mambo ya mashine ninayajua kwa kuyaona tu, kwa hiyo nitaeleza yalivyokuwa, na kila mtu nimpe haki yake.

Mama alikuwa amefika kwetu Kisangani juu ya lori la maharagwe, vita ilipokaribia nyumbani kule milimani, Kivu ya Kaskazini. Mdogo wangu wa kiume alibaki kulinda nyumba na kahawa. Alimwambia mama, "Tangulia, nitakuja nyuma." Wiki ile ile wale watu wa bunduki wakaingia, antena za simu zikanyamaza. Nikipiga namba yake hata ile sauti ya mwanamke anayesema hapatikani haikutoka. Ilikuwa kimya tu, kama kupigia jiwe.

Kilichobaki ni misa. Parokia yetu ilikuwa na sahani yake ya internet juu ya paa, na vijana wa pale walizoea kurusha misa ya Jumapili kwa watoto wa nyumbani waliotawanyika. Walisimamisha simu moja kwenye miguu mitatu, katikati ya kanisa. Baada ya wale watu kuingia, misa iliendelea kuruka. Nani aliruhusu, sijui. Labda walitaka dunia ione kwamba kuna utulivu. Labda hawakuwa na habari. Sitaki kuwasemea.

Kwetu, wakati wa matoleo, kikapu hakipiti kwenye viti. Watu wenyewe wanasimama, benchi kwa benchi, wanakwenda mbele kwa kucheza polepole, wanatia chao, wanarudi. Na njia ile inapita mbele ya simu. Sisi tuliokuwa mbali tulielewa upesi kwamba hapo ndipo mtu ataonekana kama angalipo. Chini ya picha maandishi yalipanda kama sisimizi: nani ameona mama yangu, nani ameona watoto wa mwalimu, ule mzee wa kofia bado iko? Na mimi niliandika. Hakuna aliyejibu. Padri hawezi kusoma majina ya watu waziwazi, na wale wamesimama mlangoni.

Mdogo wangu ni mpiga ngoma wa kwaya. Kwaya inakaa ubavuni, simu haifiki kule, na kwaya ndiyo inayotoa sadaka mwisho wa wote. Kwa hiyo tulikuwa tunahitaji dakika chache tu, mwisho wa matoleo.

Kwenye simu mama hakuona kitu. Macho yake yana ukungu, alikuwa anaileta mpaka puani na kuniambia, "Ninaona mwangaza tu." Ndiyo maana tukaenda Makiso.

Muuzaji wa mwisho tuliyemfikia alikuwa mtu wa kwetu, alinijua kwa namna ninavyosema. Akatoa visanduku viwili akaviweka juu ya meza ya kioo.

"Iko mbili, mama. Hii kidogo inakamata internet ku telefone yako, unaona bintu direct, vile inafanyika. Hii mukubwa, internet yake ni ya kubembeleza. Lakini uiletee clé yoyote, ile flashi ya kuchomeka, inasoma. Unasimamisha picha, unaenda kukojoa, unarudi, mutu angali pale."

Bwana yangu akacheka. "Hiyo ndiyo boîte yenye heshima."

"Na hii kidogo, clé inasoma?" niliuliza.

"Inasoma."

"Yote?"

"Mama, mimi nilitia zangu, ikasoma. Zako sijaziona."

Ninaandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu baadaye nilimkasirikia, na sikuwa na haki.

Bwana yangu ni mtoto wa mto, wavuvi wa kando ya Yanonge, siku hizi anapakua mizigo kule uwanja wa ndege wa Bangboka. Alikishika kile kikubwa kwa mikono miwili, kama mtu aliyekwisha kukinunua. "Sikiliza," aliniambia. "Réseau ya simu ya Kisangani iko sawa samaki, ukikaza mukono inatoka. Tutume mutu kule, bale bijana batie misa mu clé, atuletee. Mama ataangalia muzuri, tutamusimamishia, ataangalia mpaka achoke."

"Clé itafika nyuma ya mwezi," nilisema. "Mutu unamuona mu clé, kumbe kisha kuwa kitu kingine. Mama anataka leo."

"Leo yenye kukatika-katika."

"Ni leo tu."

Muuzaji alikuwa anafuta vumbi kwenye kile kidogo, bila kutuangalia. Bwana yangu akamuuliza, "Wewe unasema nini, masta?"

"Mimi niko nauza zote mbili," alisema. "Siwezi kuingia mu nyumba yenu."

Basi bwana yangu akakiweka chini kile kikubwa. "Bon. Ni mama yako. Donc direct. Lakini mpira pia ni direct, siku hiyo mutaniachia télé." Tukarudi na kile kidogo, kinatoshea mkononi kama kipande cha sabuni, mimi nyuma ya toleka moja na yeye nyuma ya nyingine. Njiani aliniambia kwa sauti, baiskeli zikienda sambamba, kwamba ningechagua hata mchumba kwa namna hiyo. Mwenye toleka wangu akacheka mpaka tukayumba.

Jumapili ya kwanza tulikuwa tayari mapema kuliko kengele. Betri ya panneau ya jua ilikuwa imejaa. Mama alivaa kitambaa cha kanisani, akakaa kwenye kiti karibu kabisa na télé. Hakusali. Ninalisema hili si kwa kumhukumu. Wakati wa masomo alikuwa anatazama migongo ya watu kwenye mabenchi, akinong'ona, "Yule ni mke wa fundi. Yule amekonda. Benchi ya nyuma kwa nini haina watu?" Matoleo yalipoanza akasogeza kiti. Wamama wakapita, wazee wakapita, picha ikikatika na kuungana. Wanafunzi wakapita. Halafu kaduara kakatokea katikati ya kioo, kakaanza kuzunguka. Kalizunguka, kalizunguka. Picha iliporudi, padri alikuwa amekwisha kuinua mkate.

"Kwaya imepita?" mama aliuliza.

"Imepita, mama."

"Ah."

Jumapili iliyofuata betri ilikufa kwenye mahubiri. Iliyofuata tena mvua ilipiga, mtandao ukaenda nayo. Nilijaribu yote niliyoweza kufikiri, na yalikuwa machache: simu dirishani, simu juu ya kabati, simu ndani ya sufuria kwa sababu jirani alisema chuma kinavuta. Bwana yangu, ambaye angeweza kuniambia, "Si nilikuambia," hakuniambia. Alipanda juu ya mabati na sufuria ile na kukaa huko misa nzima, watoto wa parcelle, wa ua wetu, wakimwimbia. Akasema yeye sasa ni askofu wa réseau, watu wambusu pete. Mama alicheka siku ile. Lakini kwenye kwaya kaduara kalirudi vilevile. Hata ngoma hatukuipata vizuri. Sauti ilikatika na kuungana, ngoma ikawa inachechemea kama mtu mwenye mwiba, na kwa mchechemeo huo hakuna ambaye angemjua mpigaji.

Halafu ikaja Jumapili moja ya Kwaresima, padri amevaa zambarau. Misa ilikwenda vizuri kupita zote. Matoleo yalipofika mwisho, niliona mtu wa kwanza wa kwaya anatokea ubavuni, mwanamke, na nyuma yake mwingine, na nyuma yao mwanamume wa koti la kahawia, amegeuka, mgongo kwetu, mkono mmoja umenyooshwa kuelekea kikapu. Hapo picha ikasimama. Kaduara hakakuja hata. Ilisimama tu.

"Ni yeye," mama alisema.

Niliinama karibu na kioo. Picha ilikuwa vipande-vipande, kama mtu aliyeshonwa kwa viraka. Mdogo wangu ana koti la kahawia. Wanaume wengi wa kwetu wana koti la kahawia, kule ni baridi.

"Mama, sioni uso."

"Mimi nilimuzaa kwa mugongo huo. Ni yeye."

Bwana yangu alinyoosha mkono kuchukua télécommande, ile rimoti, ili aanze upya, mama akamshika mkono. Mkwe na mama mkwe, kwetu hawashikani hivyo. Alimshika kabisa. "Acha asimame," alisema. Tukakaa hivyo, sisi watatu na mwanamume wa koti, mpaka betri ikaisha na kioo kikawa cheusi. Mchana ule mama alikula fufu na pondu mpaka akaongeza. Alinieleza jinsi mdogo wangu, angali mdogo, alivyokuwa anapiga mabeseni ya mama mpaka yakapasuka, na namna alivyokuwa anachelewesha pigo la mwisho, siku zote, kama mtu anayesimama mlangoni kufunga kamba ya kiatu kabla hajaingia. Mwalimu wa kwaya alimgombeza miaka yote kwa hilo. Hakuacha.

Nilimwacha aamini. Nilijiuliza kama ni vizuri, nikaona sina cha kuweka mahali pa imani yake.

Lakini bwana yangu alikuwa amekwisha kutuma neno kwa dereva wa maharagwe, tangu zamani, bila kusahau wazo lake. Na kwa haki, lilikuwa wazo zuri. Siku moja dereva yule akatokea na clé imefungwa kwenye karatasi ya dawa. Wale vijana walikuwa wametia misa moja. Ya mdogo wangu dereva hakujua lolote, alipita upande wa barabara tu, hakuruhusiwa kupanda parokiani, clé aliletewa na mwanamke wa sokoni.

Tuliichomeka kwenye kisanduku. Kikafikiri kidogo. Halafu kioo kikaandika kwa Kifaransa kwamba picha ya namna hii hakiijui, na kikabaki cheusi, lakini sauti ikatoka. Sauti safi, ambayo direct haikutupa hata siku moja. Benchi zilisikika zikilia. Mtoto alikohoa. Padri akaanza mahubiri yake, na mama akainua kidole.

"Ni ile Jumapili," alisema. "Ya koti."

Ilikuwa ileile, maneno ya mahubiri tuliyakumbuka. Bwana yangu alibonyeza kila kitufe, akachomoa, akapuliza, akachomeka. Nilimkasirikia muuzaji, ndipo nikakumbuka alivyosema, zako sijaziona. Kile kikubwa kingeisoma. Bwana yangu hakulisema hilo pia.

"Acha," mama alisema. "Tusikilize."

Tukasikiliza misa kama zamani tulivyosikiliza redio. Matoleo yakaanza. Kwaya ikaimba, na ngoma ikaingia.

Mama aliweka mikono magotini. Wimbo ulikuwa ule wa siku zote wa matoleo, ubeti wa kwanza, ubeti wa pili. Nilikuwa nasubiri lile pigo la mwisho lichelewe. Ubeti ukafika mwisho, na ngoma ikafika pamoja nao, sawasawa, bila kusimama mlangoni. Ubeti wa tatu, vilevile. Ngoma ilikwenda mpaka mwisho kama maji kwenye mfereji.

"Huyu anapiga vizuri," mama alisema.

Bwana yangu alinitazama.

"Anapiga vizuri kumupita." Halafu akasema, "Zima."

Nilizima. Nikaanza kusema yote niliyoweza: kwamba labda aliumia mkono, labda siku ile aliwekwa kwenye sauti ya wanaume, labda aliachia mwingine ngoma ili atoe sadaka, na ndiyo maana tulimwona na koti. Bado ninaona yanaweza kuwa kweli. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama anavyomsikiliza mgeni.

Bwana yangu akasema, "Mama, nitaenda Makiso sasa hivi. Yule masta iko na boîte ingine, tutatia clé mule, tutaona mutu wa koti mu uso. Mbio moja tu."

"Hapana, papa," alimwambia, na hakuwa amewahi kumwita baba. Kisha akanigeukia mimi. "Wewe, kama unataka kuangalia, angalia. Lakini usiniambie."

Clé iko kwenye kopo la chumvi, juu ya kabati. Mara mbili nimeipeleka mpaka karibu na duka lile, nimeishika mfukoni. Mara zote mbili nimenunua sabuni nikarudi. Nikiangalia nikamwona, nitamficha mama furaha. Nikiangalia nisimwone, nitamficha lile lingine, na sijui uso wangu utaweza. Hata hayo huenda ni maneno ya mwoga. Nimeshindwa kujipima.

Antena za kule bado hazijasema kitu. Kila Jumapili tunawasha kile kisanduku kidogo. Mama anavaa kitambaa chake, na siku hizi anasali kweli, anapiga magoti, anaitikia. Kiti amekirudisha nyuma kidogo. Wazee wakipita anawataja bado, kwa sauti ya chini. Wanafunzi wakianza kusimama, ananyoosha mkono bila kunitazama, nami ninajua. Ninazima mbele ya kwaya.

Jumapili iliyopita réseau ilikuwa nzuri, kioo kilikuwa kinang'aa, hakuna kaduara. Kidole changu kilichelewa kidogo kwenye télécommande.

"Zima, mama," mama yangu aliniambia.

Nilizima.