Siboria Iliyobonyea

Mimi na wifi yangu hatujawahi kuelewana, na nalisema mapema ili mtu asidhani namsifia kwa sababu ya undugu. Aliolewa na kaka yangu miaka ishirini na sita iliyopita. Kaka akafariki, yeye akabaki pale pale nyumbani kwetu kumtunza mama yangu, mama mkwe wake, wakati mimi mtoto wa kuzaa nilishahamia mtaa wa pili na cherehani yangu, nakuja Jumamosi kwa Jumamosi kama mgeni. Hilo nalo nalisema mapema.

Parokiani walimwita Askofu. Si mbele yake, thubutu! Alikuwa mtunza sakristia, chumba cha vyombo na mavazi ya misa: ndiye aliyefua vitambaa vya altare, ndiye aliyepanga mavazi ya padri, na ufunguo wa tabernakulo, kile kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi, ulikaa kwenye mfuko wa sketi yake, umefungwa na pini. Zaidi ya hapo alikuwa mhudumu wa komunyo, na kila Jumanne aliwapelekea Ekaristi wagonjwa wanne, mama akiwa mmojawapo. Alifunga Ijumaa zote za mwaka. Na kila jioni, kabla ya kulala, aliandika makosa yake ya siku kwenye daftari la shule. Niliwahi kulichungulia. Wiki moja nzima, mara tatu: "Nimemjibu wifi kwa ukali." Nikacheka, halafu nikakasirika. Mara tatu tu?

Ila makosa ya wengine hakuyaandika, aliyasema. Kuna mama mmoja anayepamba kanisa, tunamwita Mama Maua, mpole hata nzi hamfukuzi. Mwaka juzi alimwaga maji yaliyosuuzia kalisi, kikombe cha divai ya misa, kwenye sinki la kawaida, badala ya lile shimo maalumu linalopeleka maji ardhini. Wifi alimshukia mbele ya kwaya nzima mpaka yule mama akalia kwa kwikwi. Mama yangu alikuwepo siku ile, amekaa benchi la mbele. Sikufikiri kama lilimgusa.

Sasa nieleze vyombo, maana bila hivyo hamtanielewa. Hostia ni mkate tu mpaka padri ayaseme maneno ya mageuzo juu yake altareni. Baada ya hapo, kwetu sisi, si mkate tena, ni Bwana mwenyewe, na zinazobaki huwekwa kwenye siboria, kikombe chenye kifuniko, ndani ya tabernakulo. Parokia yetu ina siboria tatu: kubwa, ndogo, na moja iliyowahi kuanguka ikabonyea kifuniko. Wifi alikuwa na sheria yake: hostia ambazo hazijageuzwa zikae kwenye pakiti mpaka dakika ya mwisho, zisije zikachanganyikana. Aliwafundisha wote, na ole wako usahau.

Jumapili ile sheria aliivunja yeye. Mama alikuwa hoi. Moyo umechoka, ndivyo alivyosema daktari alipoturudisha nyumbani, akaongeza kwa sauti ya chini kwamba tusihesabu wiki. Nikahamishia cherehani sebuleni kwa mama ili nisaidiane na wifi. Yeye, ili apate nafasi ya kukimbia nyumbani kati ya misa mbili, akajaza mapema ile siboria iliyobonyea kwa ajili ya misa ya pili, akaifunika kwenye meza ndogo ya pembeni. Misa ya kwanza inaelekea mwisho, mama akakosa pumzi. Nikapiga simu, nikapiga, nikapiga. Misa ilipokwisha akaipokea, akaja mbio.

Alhamisi, saa nne asubuhi, aliingia akafunga mlango, akasimama mbele yangu.

"Simamisha hiyo cherehani."

Nilipomwangalia usoni nikaondoa mguu kwenye pedali bila ubishi. Alikuwa kama mtu aliyeona ajali.

"Mama Maua kaniuliza swali," akasema. "Kaniuliza, ile siboria iliyobonyea uliyoniambia umeijaza, mbona kwenye misa ya pili sikuikuta? Ikabidi nijaze ile ndogo."

"Kwani ilikuwa wapi?"

"Tabernakulo." Akakaa kwenye kiti, juu ya gauni la mtu nililokuwa nimelipiga pasi, na mimi nikaliacha. "Niliiweka mimi, wifi. Umenipigia simu, nimechanganyikiwa, nimeiona imejaa pale mezani, nikadhani ni mabaki ya misa ya kwanza. Nikaiweka ndani, nikapiga goti, nikakimbia. Haijafika altareni ile. Haijageuzwa. Na Jumanne nimechota humo humo, kwa wagonjwa wote wanne."

"Na mama?"

"Mama nimempa mkate mkavu na nikamwambia Mwili wa Kristo."

Mimi si mtu wa kanisa sana. Lakini mama yangu ni wa kanisa, na komunyo ile ya Jumanne sote tuliihesabu kuwa ya mwisho.

"Mama Maua ulimjibu nini?"

Akainamisha kichwa. "Nilimwambia nilibadilisha mpango."

Yaani alidanganya! Askofu mwenyewe, ndani ya sakristia, na msalaba unamwangalia. Ningekuwa na roho nyingine ningecheka mpaka jioni. Lakini nilijua anachokiogopa: kwamba atasimama mbele ya Padri na mbele ya yule aliyemliza, aseme mimi ndiye niliyekosa, tena kosa kubwa kuliko yenu yote. Miaka kumi na minane ya sakristia ingeishia hapo.

"Naweza kuifuta kimya kimya," akasema. "Siboria kubwa ni ya kweli, ina hostia zilizogeuzwa. Nachukua humo, namletea mama leo, nawapelekea na wale watatu. Ile iliyobonyea naitoa. Nani atajua?"

Sasa sikilizeni nilichomjibu, maana hili nimelibeba mpaka leo. Nilimwambia, "Si ufanye hivyo basi, yaishe? Mama apate chake, watu wasipate la kusema."

Akaenda. Saa tano na nusu akarudi na kile kikasha kidogo cha kubebea komunyo, kifuani, ndani ya blauzi. Tukaingia chumbani. Mama alikuwa ameegemezwa kwa mito miwili, mkono wake wa kulia chini ya mto kama alivyozoea tangu Jumanne. Midomo imempasuka kwa ukavu. Wifi akawasha mshumaa, akasali, akainua hostia.

Mama akafumba mdomo.

"Mama, ni Ekaristi. Fungua kidogo tu."

Mama akageuzia uso ukutani. Machozi yakamtoka, yakaingia sikioni. Nikamfuta. Wifi akajaribu tena, taratibu, na mama akatikisa kichwa kwa nguvu nisizojua alizitoa wapi.

Mwanamke aliyekula Ekaristi maisha yake yote, leo anaikataa! Nilimwona wifi anarudi nyuma hatua moja, nyingine, mpaka mgongo ukagonga kabati. Akairudisha hostia ndani ya kikasha.

Sebuleni akanishika mkono. "Anajua. Mungu kamwambia."

"Acha hizo, wifi. Mgonjwa tu, kachoka."

"Hakuchoka. Ameikataa mkononi mwangu." Akatazama saa ya ukutani. "Padri anaondoka saa nane kwenda kusalisha vigangoni. Harudi mpaka Jumapili."

Hakuna aliyesema kwamba mama huenda asiifikie Jumapili. Akachukua mtandio wake akatoka, na mimi nikabaki na mama.

Jamani, kusubiri kule! Saa sita na nusu. Saa saba. Pumzi ya mama ilikuwa inakwenda, inasimama, nami nasimama nayo, halafu inaendelea. Nilimlowesha midomo kwa pamba. Saa saba na robo nikaenda dirishani, barabara tupu. Nikaanza kumlaani wifi kimoyomoyo: ameona aibu, amejificha mahali, mtoto wa watu kashindwa. Saa saba na nusu nikarudi dirishani tena. Mama akaniita kwa jina langu la utotoni, akauliza, "Ameenda wapi?" Nikamwambia amekwenda kumwita Padri. Akafumba macho, na ule mkono ukazama zaidi chini ya mto.

Yaliyotokea kule nilisimuliwa na Mama Maua mwenyewe. Anasema alikuwa anabadilisha maji ya maua sakristia, Padri ameshabeba mkoba wa safari, wifi akaingia akihema. Mama Maua akataka kutoka awapishe. Wifi akamwambia, "Kaa, dada. Na wewe usikie, maana nimekudanganya asubuhi." Akasema yote amesimama, hakubakiza kitu, hata kwamba alikuwa amepanga kuficha. Kisha akafungua pini, akaweka ufunguo wa tabernakulo mezani. Padri hakumkaripia wala hakumbembeleza. Alisema tu, "Tunaanza na nani?" Wifi akasema, "Na mama. Wale wengine wanaweza kungoja, mama hawezi."

Saa nane kasoro dakika kumi nikasikia gari. Walishuka watatu, Padri mbele, wifi, na Mama Maua nyuma.

"Tumsifu Yesu Kristo, mama," Padri akasema mlangoni.

"Milele... amina," mama akajibu, pumzi mbili.

Padri akamtazama wifi. Hakumsaidia. Wifi akapiga magoti kando ya kitanda, uso wake usawa na wa mama.

"Mama, nimekukosea. Ile komunyo niliyokupa Jumanne haikuwa komunyo. Nilikosea chombo. Ulikuwa mkate tu, haujageuzwa. Na leo asubuhi nilikuja kurekebisha kwa siri, ili watu wasijue kwamba nimekosea. Nisamehe, mama."

Mama alimtazama wifi muda mrefu, halafu midomo ikaanza kumcheza, nikadhani ndiyo roho inatoka, nikasogea.

"Mkate tu?" akauliza.

"Mkate tu, mama."

Mkono ukatoka chini ya mto. Ulikuwa umeshika kitambaa kidogo cha mkono, kimekunjwa mara nne. Padri akakipokea, akakifungua. Ndani yake kulikuwa na hostia, imelowana ikakauka, imekunjamana upande mmoja.

"Haikushuka," mama akasema. "Koo kavu. Ulipogeuka kuzima mshumaa... nikaitoa. Siku mbili, nimemlalia Bwana chini ya mto." Akapumzika. "Nikasema nimekufuru. Nitakufa nayo. Leo ukaniletea nyingine, nikaona siwezi kuongeza dhambi juu ya dhambi."

"Si ungetuambia, mama?" nikaropoka. "Tungemwita Padri siku ile ile!"

Alikuwa anamwangalia wifi.

"Padri aitwe na nani? Ni huyu ndiye wa kuambiwa kwanza. Nikamkumbuka Mama Maua, siku ile ya kwaya." Akameza mate ambayo hayakuwepo. "Nikaogopa."

"Ulimwogopa Mungu, mama?" Padri akauliza polepole.

"Mungu tunajuana," mama akasema. "Nilimwogopa huyu mwanangu."

Wifi hakulia kwa sauti. Aliweka paji la uso kwenye ukingo wa godoro na mabega yakawa yanapanda na kushuka. Mama Maua, yule yule, alipiga magoti pembeni yake akamwekea mkono mgongoni. Mimi nilisimama kama nguzo na gauni la mtu begani.

Padri alikikunja kitambaa vizuri akakitia mfukoni. Akamwambia mama kwamba hakukosa kitu, hakumlalia mtu yeyote, awe na amani. Tukatoka amsikilize kitubio. Tuliporudi akampaka mafuta, kisha akamega chembe ya hostia, ndogo kama punje ya mchele, akaiweka kwenye kijiko chenye maji, akampa wifi kijiko.

"Mlishe wewe."

Mama alifungua mdomo. Tuliangalia koo lake sote wanne. Likapanda, likasimama, likashuka. Halafu akamshika wifi shavu na mkono ule ule uliokuwa chini ya mto, akasema, "Kumbe na wewe hukosea, mwanangu," kwa furaha kabisa, kama mtu aliyepewa habari njema.

Alasiri ile Padri alichelewa kwenda vigangoni. Walikwenda kwa wale wagonjwa watatu, na kila mlango wifi alieleza mwenyewe kosa lake kabla Padri hajafungua kinywa. Mama alifariki Jumamosi asubuhi, amelala ubavu, mikono yote miwili juu ya shuka.

Baada ya mazishi nilikuwa napanga vitu chumbani nikalikuta lile daftari. Nilifungua ukurasa wa Alhamisi. Nilitegemea orodha ndefu: siboria, uongo, siri, uvunjaji wa sheria. Kulikuwa na mstari mmoja tu. "Nimeishi na mama miaka ishirini na sita na alikuwa ananiogopa."

Nikakaa kitandani kwa mama. Kisha nikatafuta kalamu, nikaandika chini yake kwa mwandiko wangu mbaya: "Na mimi ndiye niliyekwambia ufiche." Nikaliacha mezani, wazi.

Aliliona, najua aliliona, kwa sababu asubuhi yake alinitengea chai bila kuniambia nimechelewa kuamka. Padri alimrudishia ufunguo baada ya mwezi, naye akaomba uchongwe wa pili, akampa Mama Maua. Mimi sijarudi mtaa wa pili. Cherehani bado iko sebuleni, na wifi analalamika kila siku kuhusu nyuzi sakafuni.